Jogoo Aliyechukia Magoti

Wengi wenu mnanipigia simu na swali lile lile: "Bibi, jogoo wangu ananirukia, nimpe dawa gani?" Dawa! Siku hizi kila kitu ni dawa. Wajukuu zangu, jogoo mkorofi hana dawa ya dukani, na anayekuuzia hiyo dawa anakuuzia maji yenye rangi. Jogoo mkorofi ana historia. Ukiifuata historia hiyo nyuma, mara nyingi unamkuta mwenye jogoo amesimama pale ilipoanzia.

Mimi magoti yamekataa kazi. Banda nimemwachia mwanangu Shija, nami nashinda hapa uani kwetu Ibadakuli, nikizisikia ndege za abiria zikishuka uwanjani na kuku wakikimbilia chini ya mlimao kila mara, kana kwamba hawajawahi kuziona. Nina muda wa kutosha wa kuwasema, basi nawasema.

Kwa msionijua, kazi yangu ilikuwa kulea majogoo na kuwaazimisha. Msicheke. Una matetea yako, jogoo amekufa kwa ugonjwa wa mdondo, au shemeji zako wamekuja ghafla na mmemla. Unakuja kwa Mama Shija, nakupa jogoo, anakaa kwako mpaka matetea yameatamia na kutotoa, kisha unamrudisha pamoja na kifaranga kimoja cha kwangu. Dume la ng'ombe linaazimwa na hakuna anayeshangaa. Jogoo ana kosa gani?

Lakini jogoo wa kuazimisha si sawa na jogoo wa kukaa kwake. Huyu anakwenda kwenye nyua za watu. Anakuta watoto wanaotambaa, mbwa, wazee wenye fimbo, mama aliyejitwika ndoo. Akiharibu kule, hakuna atakayesema jogoo kaharibu. Watasema Mama Shija kaharibu. Kwa hiyo kazi yangu hasa haikuwa kuku, ilikuwa tabia.

Aliyenifundisha ni bibi yangu, Bibi Kwandu, mama yake mama yangu. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa na huruma na jogoo hata kidogo. Nilipokuwa msichana nilipenda kuchagua vijogoo kwa mkia. Nikiona mkia mrefu wenye kumeta, moyo umekwisha. Bibi akanikalisha chini.

"Mkia ni wa kuuzia," alisema. "Wewe tazama mdomo."

Akarusha kiganja cha mtama, tukakaa kimya tukitazama. Kijogoo kimoja kikaokota punje, kikaidondosha, kikaita matetea, "ku-ku-ku", kikasubiri yaje yale. "Huyo bakisha," akasema bibi. Kingine, chenye mkia wangu ule wa kumeta, nacho kikaita matetea kwa madaha yote, na yalipokaribia kikameza punje chenyewe. Bibi akanitazama. "Huyo je?" Nikasema anaita vizuri. Bibi akasema, "Huyo ni mwongo. Bandika sufuria." Tukamla siku hiyo hiyo na alikuwa mtamu, lakini somo lilikuwa tamu zaidi. Mpaka leo sijachagua jogoo kwa mkia, na kusema kweli hata wanaume nimekuwa nikiwatazama hivyo hivyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba kijogoo hakilelewi na watu, kinalelewa na kuku wenzake. Hapa nawagusa ninyi wa mashine za kutotolea. Sina ugomvi na mashine, hata Shija anayo, na vifaranga vinatoka vingi na vizima. Ugomvi wangu ni kwamba mnavifungia pamoja vyote rika moja, vinakua, vinawika, na havijawahi kupigwa kofi na mkubwa yeyote. Tia jogoo mzee mmoja humo ndani. Tia na tetea lililozeeka, lile lisilotaga tena ambalo mnataka kulichinja. Kijogoo kikilirukia bila adabu litakidonoa utosini mpaka kijute, na somo hilo wewe huwezi kulifundisha hata ukitaka.

Halafu, kwa jina la Mungu, msicheze naye kwa mguu. Nawaona watoto, na watu wazima pia, wanasukuma kijogoo kifuani kwa kidole cha mguu, kinavimba, kinarudi, wanacheka. Kwenu ni mchezo. Kwake ni vita, na kila mnapoondoka mkicheka yeye anaandika kichwani kwamba ameshinda.

Alinijia kijana mmoja mchimbaji kutoka upande wa Geita. Alitaka jogoo "mkali kushinda mbwa", wa kulinda kibanda chake kando ya duara, yaani lile shimo lao la dhahabu. Nikamwambia sina wa namna hiyo, na ningekuwa naye ningekuwa nimeshamla. Akaenda akapata kuchi kwingine, wale kuku warefu wenye manyoya machache shingoni, akawa anamchokoza kila asubuhi kwa ncha ya buti lake la mpira ili awe mkali. Akawa mkali kweli. Nilikutana na kijana huyo baadaye stendi ya Kahama, mikono imejaa makovu. Alikuwa akiingia kibandani kwake ameshika mfuniko wa sufuria kama ngao, na wenzake walikuwa wakiacha kazi kuja kutazama.

"Mama, yule halindi mali yangu," aliniambia. "Ananizuia mimi nisiifikie. Nimpe dawa gani?"

"Kitunguu, nyanya na chumvi," nikamjibu.

Lakini wengi hawajafikia huko, wanarekebishika, na ndiyo maana nawaandikia. Jogoo akikujia, usikimbie na usimpige teke. Ukikimbia ameshinda, ukipiga teke umekubali kwamba ninyi wawili ni majogoo. Simama. Kisha tembea polepole kuelekea pale alipo, kama vile hayupo, mpaka apishe. Akikataa kupisha, mkamate, mbane kwapani mabawa yakiwa yamefungwa, na endelea na shughuli zako naye humo humo. Teka maji naye. Zungumza na jirani naye. Matetea yake yamwone amebebwa kama mzigo wa kuni. Shingo ikilegea, mshushe. Na kile kipi, mwiba wa nyuma ya mguu, usikiache kikachongoka. Mimi nilikata ncha kwa msumeno mdogo, nikailainisha kwa tupa, hata kwa jogoo mpole kuliko wote.

Mpole kuliko wote aliitwa Balozi. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na mwendo wa balozi wetu wa nyumba kumi: matetea mawili yakigombana anafika, anasimama katikati, hasemi kitu, ugomvi unakwisha. Balozi amekaa kwa walimu, amekaa kwa wauguzi, amekaa kwa fundi cherehani mwenye watoto wachanga, na kote huko alirudi na sifa. Kwa hiyo Mama Limi, aliyekuwa amemwazima wakati huo, aliponipigia simu sikumwelewa kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Matetea hayajambo?"

"Hayajambo. Mama, Balozi kampiga Limi."

"Balozi yupi?"

"Balozi wako, mama."

Mama Limi alikuwa ameolewa kwa Mzee Jilala, upande wa Kolandoto. Mumewe alikuwa kwenye machimbo huko Geita, akija nyumbani mara chache. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Basi pale nyumbani walikuwa watatu: mzee, Mama Limi, na Limi, mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Ng'ombe walikuwa wa mzee, mashamba ya mzee, hata sufuria zilikuwa za marehemu. Matetea tu ndiyo yaliyokuwa ya Mama Limi mwenyewe. Alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa.

Mzee Jilala alishika mila. Katika nyumba kama ile mke wa mwana hamsogelei baba mkwe, hamtazami usoni, hamkabidhi kitu mkono kwa mkono. Mtoto ndiye daraja. Limi ndiye aliyempelekea babu maji ya kunawa, akapiga goti, akamwaga maji kwa jagi juu ya beseni, akarudi kuleta chakula. Siku hiyo alikuwa amepiga goti hivyo hivyo Balozi akamrukia mgongoni. Jagi likaenda huku, beseni kule. Jeraha lilikuwa dogo, kwa sababu ya tupa yangu, lakini kesho yake akamrukia tena, na tangu hapo Limi alifika mlangoni tu. Hakuvuka kizingiti cha kwenda uani. Mzee alinawa mwenyewe, akala mwenyewe. Kisha akatoa neno. Alilitoa akiutazama ukuta wa jiko, kwa kuwa hawezi kumsemesha mke wa mwanawe uso kwa uso, ila kila mtu alijua linaelekea wapi.

"Jumapili nina wageni. Jogoo huyo atakuwa kitoweo. Na hayo matetea yarudi kwao."

Mama Limi aliponisimulia hayo aliniuliza: "Mama, leo kuku ndio warudi kwao. Kesho je?"

Mwanamke akiambiwa mali yake ya kwao irudi kwao, ameambiwa mengi. Ningeweza kwenda kumtia Balozi kapuni nikaondoka naye, jogoo alikuwa wangu na mzee asingenikatalia. Lakini neno la matetea lingebaki limesimama pale uani, na msichana huyu angebaki nalo peke yake. Jumatano asubuhi nikapanda bodaboda.

Nilipopita uzio wa minyaa, Balozi alinijia kama siku zote, akainamisha kichwa pembeni kunitazama, akaendelea na shughuli zake. Nikatembea kushoto, nikatembea kulia. Nikapita katikati ya matetea, akapisha. Mama Limi akafagia uwanja mbele yake, akapisha. Akapata mchwa akaita matetea, akasubiri yakale. Nikamwambia Mama Limi, "Mwanangu, una uhakika si jogoo wa jirani?" Limi alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeitwa mwongo. Namkumbuka vile alivyonitazama na bado naona haya.

Hapo Mzee Jilala akatoka ndani na fimbo yake, akaketi kwenye kiti chake cha ngozi. Mimi nimelelewa. Nikasogea, nikapiga goti, nikainamisha kichwa kumwamkia kwa Kisukuma, kama baba.

"Mwangaluka, bhabha."

Sikusikia jibu. Nilisikia mabawa. Balozi, niliyemlea tangu yai, alinipiga begani, akarudi akanipiga tena, kilemba kikaenda zake. Nikaangukia mikono, na nilipoinua uso tukawa tunatazamana, mimi na yeye, macho kwa macho. Manyoya ya shingo yamesimama yote. Nawaambieni, jogoo ukimtazama ukiwa umesimama ni kuku. Ukimtazama ukiwa chini ni mnyama mwingine kabisa. Nikajua kwa mara ya kwanza Limi alikuwa ameona nini.

"Sasa huyu ndiye mwenye adabu uliyemsifu?" akauliza mzee kutoka juu.

Nikaanza kucheka. Nilikuwa nimekaa mavumbini, kichwa wazi mbele ya mzee wa watu, nacheka mpaka machozi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Watazameni majogoo wawili wanaotaka kupigana. Wanafanyaje? Wanasimama karibu, wanainamisha shingo, wanatulia. Hiyo ndiyo salamu yao ya vita. Na mtoto wetu mwenye adabu anafanyaje mbele ya mkubwa? Anasogea, anashuka, anainamisha kichwa, anatulia. Adabu yetu kwake ilikuwa tusi. Kwangu hakuna anayepiga goti, mimi sina mkubwa wa kumpigia na mwenyewe sikudai kupigiwa. Kwa walimu na wauguzi watu husalimiana wamesimama, kimjini mjini. Balozi alikuwa amekwenda nyumba nyingi na hakuwahi kuona goti mpaka alipofika kwa Mzee Jilala, ambako goti linapigwa asubuhi, mchana na jioni.

Nikamweleza mzee. Akasikiliza, akasema, "Basi mtoto asalimie amesimama? Ili jogoo afurahi?" Nikasema hapana, mtoto hajakosea, jogoo ndiye atakayejifunza. Akasema Jumapili iko pale pale. Nikaomba nilale kwao mpaka hiyo Jumapili, akakubali, maana mgeni hafukuzwi.

Namna ya kumfundisha ni hii. Jogoo awe na njaa kidogo. Shika mtama, piga goti polepole ukiwa umempa ubavu, usimkazie macho. Mtama wa kwanza wape matetea, yeye asubiri. Akiinamisha shingo, mwekee kiganja mgongoni, mkandamize chini taratibu, mshike hapo mpaka alegee. Usimpige, usimfokee. Akitulia mwachie, na mpe punje zake kutoka mkononi mwako ukiwa bado umepiga goti. Anapaswa kujua kwamba hata aliye chini ni mkubwa wake. Tulifanya hivyo mimi na Mama Limi wakati mzee yuko malishoni, pale pale mbele ya kiti chake. Mwanzoni Balozi aliturarua kanga. Ijumaa mchana alikuwa anakula kiganjani mwa Mama Limi aliyepiga goti, ametulia tuli. Tukashikana mikono kama watu walioshinda kesi.

Jioni mzee akarudi, akaketi. Nikapiga goti kumwonyesha. Balozi akaja mbio, nikapigwa tena.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikaa pembeni nimenuna, nikimtazama yule jogoo kama nimtafune. Ndipo nikaona. Mzee alikuwa anakula ugali wake. Mkono wake wa kushoto ukashuka ubavuni mwa kiti, bila yeye kutazama, na kwenye vidole kulikuwa na tonge. Balozi akalipokea, akakaa chini ya ule mkono.

"Bhabha," nikasema, "unamlisha tangu lini?"

"Namlisha nani?"

Nikautazama ule mkono wa kushoto. Akarekebisha kofia yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa anaiba sukari.

"Ananisogelea," akasema mwishoni. "Hapa nani mwingine wa kunisogelea? Mke wa mwanangu haruhusiwi. Mtoto hataki."

Na mimi niliyekuja nimejaa hasira juu ya mzee huyu, moyo uliniuma kwa ajili yake. Alitaka kumchinja rafiki yake wa pekee kwa sababu rafiki huyo alikuwa amemfukuzia mjukuu. Hakujua jinsi ya kuwapata wote wawili.

"Anakulinda," nikamwambia. "Kila anayeshuka mbele yako anaona amekuja kukuchukua. Bhabha, usikasirike, lakini amekufanya wewe ndiye tetea lake."

Ndani ya jiko nilisikia Mama Limi akijikohoza ili asicheke. Mzee hakucheka. Nikamweleza kwamba mimi na Mama Limi tumefika mwisho wa uwezo wetu. Jogoo anamsikiliza yeye tu, kwa hiyo yeye ndiye wa kumwonyesha kwamba goti si vita. Apige goti pale uani, ampe mtama, amkandamize akivimba.

"Mimi nipige goti mbele ya kuku?"

"Ndiyo."

"Goti langu linamjua Mungu peke yake."

Akaingia ndani. Nikalala nikijua nimeshindwa, na Mama Limi, tuliyekuwa chumba kimoja, alikuwa ameshaanza kukunja kanga zake na kuzipanga kwenye sanduku.

Jumamosi tuliendelea tu, kwa ukaidi. Mzee hakwenda malishoni, alikaa kwenye kiti chake akituangalia tukipigwa. Nikapiga goti, nikarukiwa. Mama Limi akapiga goti kwa mbali, kwa heshima yake ya mkwe, akarukiwa. Limi alikuwa mlangoni na mwimo wake. Nikamwita, "Njoo, ng'wanawane, bibi yupo." Akatikisa kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya watoto isiyojua kunong'ona:

"Mbona guku yeye hapigi goti? Anaogopa?"

Guku ni babu kwa Kisukuma. Mama Limi alifunika uso kwa kanga. Mimi nilitazama vidole vyangu.

Mzee Jilala alivua kofia, akaiweka kwenye kiti. Akaegemeza fimbo. Akashika mkono wa kiti, akashuka, goti moja, likalia kama kuni kavu, kisha la pili. Nikampa mtama. Balozi akaja, akamkuta mtu wake yuko chini, akapigwa na butwaa. Akainamisha shingo, manyoya yakaanza kusimama. Mzee akamwekea kiganja mgongoni, kile kiganja kipana cha mfugaji, akamkandamiza taratibu. Tukangoja. Shingo ikalegea.

Mzee akainua uso, akajikuta anatazamana na mlango kutoka urefu wa mtoto. Akamtazama jogoo pembeni yake, akamtazama Limi.

"Kumbe ni mkubwa hivi," akasema polepole. "Hukuniambia ni mkubwa hivi."

Limi akavuka kizingiti. Akaja kwa hatua ndogo ndogo, akizunguka mbali na mkia wa Balozi, mpaka akasimama mbele ya babu yake. Alikuwa mrefu kuliko yeye sasa. Akamtazama mzee aliyepiga magoti, kichwa wazi, na akafanya kama alivyofundishwa kwamba ndivyo afanyavyo aliyepigiwa goti.

"Marahaba, guku," akasema.

Mzee alicheka mpaka akakosa nguvu za kusimama. Ilibidi nimwinue mimi na Limi, huku Mama Limi, ambaye mila ilimkataza kumgusa, akituelekeza kwa mbali: "Shika hapo! Si hapo, hapo!" Jioni ile Limi alipiga goti na jagi lake. Balozi alisogea, mzee akamwekea kiganja, basi.

Tangu hapo hakuna jogoo aliyetoka kwangu kabla sijampigia goti siku nyingi, asubuhi na jioni, pamoja na watoto wa majirani. Hicho ndicho kilichomaliza magoti yangu, si uzee, na Shija nimemwambia aendeleze. Nanyi mwendeleze. Kabla hujampeleka jogoo kwa watu, jiulize watu hao husalimianaje, hukaaje, huinamaje, kisha umzoeshe hivyo hivyo. Kuku hawezi kujifunza mila za nyumba kwa kuambiwa.

Jumapili wageni walikuja, ndugu za mzee. Walichinjiwa mbuzi. Wakati wanasubiri nyama, mmoja wao alimtazama Balozi akipita na kundi lake, akamsifu.

"Na matetea mazuri haya ni ya nani?"

"Ya Mama Limi."

"Ahaa. Yametoka kwao?"

Mzee Jilala hakumtazama aliyeuliza. Aliutazama ukuta wa jiko, akapandisha sauti kidogo.

"Kwao ni hapa," akasema.

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Kisha nikasikia Mama Limi akiita, "Limi! Mpelekee babu maji anawe." Na Limi akatoka na jagi na beseni, akakatiza uwanja katikati ya kuku, akaenda.